Umeita na hakuna aliyekuja: kutafuta kosa katika uwindaji wa koyote kwenye theluji

Kijana mmoja wa Bukavu anayeishi Fargo, Dakota Kaskazini, Marekani, alinipigia simu Januari moja, saa tatu asubuhi, meno yanagongana. "Mzee, koyote za huku hazina masikio. Napuliza tangu alfajiri, hata moja haikuja." Nikamwambia ainuke, azunguke pale alipokuwa amekaa, mduara wa hatua mia mbili hivi, halafu anipigie tena. Baada ya robo saa simu ikalia. Kwanza kimya. Kisha: "Zilikuwa mbili. Zilikaa nyuma yangu."

Simu za namna hiyo napata kila msimu, na karibu zote zinaanza kwa kulaumu filimbi, ile tunayopuliza kuiga mlio wa sungura anayeumia ili koyote aje kula. Mara chache sana kosa ni la filimbi. Uzuri wa kuwinda wakati wa theluji ni kwamba kila aliyekuja ameacha ushahidi chini, kwa hiyo kabla hujabadilisha sauti, kabla hujanunua kifaa kingine, nenda ukasome. Mimi siondoki mahali nilipoita bila kuzunguka, hata kama vidole vinauma.

Kwa asiyemjua: koyote ni wa ukoo wa bweha wetu, mkubwa zaidi kidogo, kilo 9 hadi 20, na wakati wa baridi manyoya humfanya aonekane kama mbwa mzima. Ninayoandika ni ya majimbo ya Minnesota na Dakota mbili, Kaskazini na Kusini, kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa na vichaka vya mabondeni.

Karatasi kwanza

Minnesota koyote hana msimu, anawindwa mwaka mzima. Ukivuka mpaka wa jimbo, sheria nyingine, soma upya. Aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1979 anatakiwa awe na cheti cha usalama wa bunduki ndipo anunue leseni ya uwindaji Minnesota. Na hili wengi wetu hatuambiwi: sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliye Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa kuwa na leseni ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu, katazo hili halimhusu. Kama huna hakika uko kundi gani, usiguse hata bunduki ya rafiki. Muone wakili wa uhamiaji. Kosa hapa halitozwi faini tu, linaweza kukurudisha nyumbani.

Shamba la mtu usilikanyage bila kugonga mlango. Mkulima aliyepoteza wanakondoo atakukaribisha na kahawa juu.

Tatizo: hakuna mnyama, hakuna sauti, na hata nyayo hakuna

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kawaida kuliko zote: hawapo. Mtu ameona picha nzuri ya bonde, akaenda kuita bonde tupu. Pima hivi. Siku ya pili baada ya theluji mpya, endesha gari polepole kwenye barabara za vumbi ukitazama mitaro. Unyayo wa koyote ni kama yai, urefu wa sentimita 6 hadi 7, kucha mbili za mbele zimekaribiana. Anatembea mstari mmoja kama aliyenyoosha uzi, mguu wa nyuma ukiingia pale ulipotoka wa mbele. Mbwa wa nyumbani hutembea kama mtoto aliyetumwa dukani, huku na huku. Jioni simama nje ya gari, zima injini, sikiliza. Wakilia mara mbili kutoka sehemu ile ile kwa siku tofauti, umepata mtaa wao.

Ukikuta unyayo wa sentimita 11 au zaidi, simama hapo hapo. Huyo anaweza kuwa mbwamwitu, naye Minnesota analindwa na sheria ya shirikisho. Mnyama usiyemtambua kwa hakika, usimpige.

Sababu ya pili ni hali ya hewa. Dhoruba ikivuma koyote hujikunja akangoja. Siku moja baada ya dhoruba, baridi kali, upepo umetulia, huwa ana njaa na hutembea mchana kweupe. Upepo wa zaidi ya kilomita 30 kwa saa mimi nalala.

Ya tatu: wenzako walishaita hapo Desemba nzima. Hamia kwingine, au rudi baada ya wiki tatu na sauti tofauti.

Tatizo: nyayo mpya ziko nyuma yako

Hili ndilo tatizo la kijana wa Fargo, na ndilo linalonijia mara nyingi kuliko yote mengine yakijumlishwa.

Kwanza hakikisha nyayo ni za saa ile. Gusa ukingo wa unyayo kwa kidole kisicho na glavu. Ukibomoka kama sukari, amepita sasa hivi. Ukiwa mgumu, chembe zimeshikana, huyo alipita usiku na hahusiki na wewe.

Kama ni mpya, sababu ni upepo. Waliolelewa pwani watanielewa haraka: koyote akisikia sungura analia, haji moja kwa moja. Anazunguka aje upande wa demani, kule upepo unakokwenda, anuse kwanza. Ukiwa umekaa na mgongo wako uko demani, harufu yako inampokea kabla ya macho yako. Hapo hata sabuni zile zinazouzwa eti zinaficha harufu ni hela umetupa.

Marekebisho si kupigana na tabia yake, ni kuitumia. Tuseme upepo unatoka magharibi. Weka uwanjani spika, kile kifaa cha betri kinachotoa milio badala ya mdomo wako, kisha wewe kaa mita 60 kusini ya spika, uso kaskazini-mashariki. Koyote anayetoka kaskazini atazunguka kwenda mashariki ya spika ili aipate harufu, na njia hiyo yote iko mbele ya bunduki yako. Mkondo wa harufu yako uko kusini zaidi, hajaufikia. Kama huna spika, unapuliza kwa mdomo, basi tafuta mahali ambapo upande wa demani ni uwazi mtupu, mita 150 hivi bila kichaka, ili akizunguka alazimike kujitoa.

Upepo usiusome kwa mashavu, baridi hudanganya. Nabeba kichupa cha unga wa ngano, nabonyeza kidogo, naangalia unakoelea. Siku isiyo na upepo kabisa ni mbaya kuliko watu wanavyodhani. Hewa baridi ni nzito, asubuhi inateremka bondeni polepole kama maji, na harufu yako inateremka nayo. Siku hiyo usikae juu ya mlima ukaita bonde lililo chini yako.

Kama upepo ulikuwa sawa na bado walikuzunguka, angalia haya:

Mlango wa gari. Baridi hubeba sauti mbali ajabu, kwa sababu hewa baridi iliyolala chini inairudisha sauti ardhini badala ya kuiacha ipae. Acha gari nyuma ya kilima au ghala, sukuma mlango taratibu hadi ushike, funguo mfukoni zisigongane.

Miguu. Theluji mpya ni pamba. Theluji iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku ni vigae, kila hatua inavunja sahani. Pita kwenye alama za trekta au njia ya kulungu. Pasipo na njia, tembea hatua tatu, simama, hatua mbili, simama. Mnyama hatembei kama askari gwaride.

Kuondoka mapema. Dakika saba na mtu amesimama, anajinyoosha. Ngoja dakika 20. Mwaka juzi niliinuka dakika ya kumi na tano kwa sababu ya soksi mbovu, nikakuta nyayo zimefika hatua arobaini kutoka kwenye kichaka changu, kisha zimegeuka kwa kuruka. Yule alikuwa njiani nikiwa nafunga begi.

Tatizo: anakuja, anasimama mbali, anakaa kitako anakutazama

Nyayo zinaonyesha alikuja vizuri, kisha kuna mahali theluji imebonyea duara, imeyeyuka kidogo. Hapo alikaa. Nenda ukae pale pale, utazame ulikokuwa wewe. Utaona kosa lako mwenyewe.

Mara nyingi ni kutingishika. Kwenye nyeupe tupu, mkono unaofuta pua ni bendera. Weka bunduki tayari juu ya egemeo kabla hujapuliza mara ya kwanza, na ugeuze macho kabla ya kichwa.

Inayofuata ni nguo. Watu hununua suti nyeupe kabisa kisha wanakaa mbele ya misonobari iliyo myeusi, wanaonekana kama jokofu lililotelekezwa. Ukiegemea miti, valia nyeupe chini na rangi ya gome juu. Uwanja mtupu ndio wa nyeupe kote. Shuka la kitanda lililotobolewa kwa ajili ya kichwa linafanya kazi ile ile, na bei yake unaijua. Mvuke wa pumzi nao unaonekana, vaa kitambaa usoni. Jua liwe mgongoni kwako, limuumize yeye macho. Msimu wa kulungu kwa bunduki, Novemba, rangi ya machungwa au ya waridi inayong'aa ni lazima kisheria Minnesota, na hapo hakuna mjadala wa kujificha.

Kisha sauti kubwa mno. Anza chini kabisa, nusu dakika, kana kwamba sungura yuko hatua hamsini. Akishasimama mbali, usiongeze, punguza. Busu mgongo wa mkono wako kwa mdomo uliobana, ule mlio mdogo wa panya. Koyote huwasikia panya wanaotembea chini ya theluji, huu hautampita.

La mwisho, anatazama sauti inakotoka na haoni kitu. Unyoya mmoja umefungwa uzi kwenye kijiti karibu na spika unatosha kumpa cha kutazama.

Tahadhari hapa: aliyesikia mlio wako si koyote peke yake. Mwindaji mwingine naye anaweza kuwa ananyatia. Ukimwona, usipunge mkono. Sema kwa sauti kubwa ya mtu. Na wewe usipige kamwe kitu kwa kuona kichaka kikitikisika.

Tatizo: wanaitika lakini hawaji

Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi mwanzoni mwa Machi wako kwenye kupandana. Wawili wenye eneo lao watakujibu kwa kelele ndefu, maana yake "hapa pana wenyewe", na watabaki walipo. Kosa la kawaida ni kuwajibu kwa mlio wa kutaka ugomvi. Nyamaza. Sogea karibu nao kwa kujificha, upepo usoni, mita 300 au 400, kisha lia mlio mmoja mrefu wa jike, ungoje dakika tano bila kugusa kitu. Isipofaa, mlio wa mtoto wa koyote anayeumia. Isipofaa hiyo, rudi kesho.

Tatizo: filimbi inakwama, inapiga mluzi, au imekufa

Ulianza vizuri, sungura analia hadi nawe unamwonea huruma, na dakika ya sita ikatoka pumzi tupu. Ni mvuke wa kinywa chako umeganda kwenye ulimi wa filimbi. Ulimi ni kipande chembamba cha plastiki, kikishika barafu hata ya unene wa ukucha hakitetemeki.

Angalia kwanza: ishike kwenye mwanga, utaona kijivu pembeni mwa ulimi. Kung'uta kwa nguvu, ifunge kiganjani, iingize kwapani dakika mbili. Usiipulize kwa nguvu kuifungua, unazidi kuitia maji. Usiichomee kwa kiberiti cha gesi, ulimi ukijikunja umekwisha.

Kinga yake ni rahisi. Beba mbili, zote zimening'inia shingoni kwa kamba, ndani ya fulana, si mfukoni mwa koti. Tumia moja, dakika chache, irudishe ndani, toa nyingine. Piga kutoka tumboni kwa pumzi kavu fupi, si mate. Filimbi yenye ulimi wa wazi ni bora kwa baridi kwa sababu unaupangusa kwa kidole. Ile ya ulimi uliofungiwa ndani, ikiganda ni mpaka ufike nyumbani. Ile inayowekwa ndani ya kinywa, kati ya ulimi wako na kaakaa, haigandi kamwe, ila itakuchukua wiki kuizoea na nyumbani watakuhama.

Kama imepashwa moto na bado inalia vibaya, ulimi una ufa au umehama. Usihangaike, badilisha.

Tatizo: spika inazima

Betri. Zile za kawaida za alkali baridi inazimaliza haraka. Tumia za lithiamu zisizochajiwa, zimetengenezwa zifanye kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Za kuchaji za lithiamu-ioni zibebe ndani ya nguo na uziingize dakika ya mwisho, na usizichaji zikiwa zimeganda, ziache zipate joto la chumba kwanza. Rimoti nayo ina betri, watu huisahau.

Tatizo: bunduki inalia "tik"

Ewe ndugu, hapa punguza kasi.

Mtutu ubaki umeelekea mahali salama. Usifungue. Hesabu hadi sitini, kwa sababu risasi inaweza kuchelewa kuwaka. Ndipo ufungue, uitoe, uangalie kitako chake.

Kama alama ya pini, kile chuma kinachogonga risasi iwake, ni kijidoa hafifu, sababu inayoongoza ni mafuta. Mafuta yaliyo sawa Septemba yanakuwa kama samli kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, pini inasukumwa polepole na haigongi vya kutosha. Tiba: nyumbani, bunduki tupu, toa bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), safisha mafuta yote kwa dawa ya kusafishia, kausha, ama iache kavu ama tumia kilainishi cha unga.

Ya pili ni jasho la bunduki. Umeiingiza kutoka baridini hadi sebuleni, ikatoa maji ndani na nje, kesho umeitoa ikaganda. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto la nyumba, kisha ikaushe. Au iache mahali pa baridi palipofungwa kwa kufuli, bila risasi.

Kama alama ni nzito na bado haikuwaka, risasi ndiyo mbovu. Iweke kando, usiijaribu tena.

Simama kabisa, usipige hata moja zaidi, ukikuta mojawapo ya haya: mlipuko ulisikika mdogo kuliko kawaida, ulianguka na mdomo wa mtutu ukagusa theluji, bolti haifungi kwa mkono. Theluji au risasi iliyokwama ndani ya mtutu inaweza kuupasua usoni mwako. Toa risasi zote, toa bolti, tazama mwanga kutokea nyuma. Theluji unaweza kuisukuma kwa ufito wa kusafishia. Kitu kigumu, mpelekee fundi bunduki, na usimruhusu shemeji mwenye nyundo. Kinga: kipande cha utepe wa umeme juu ya mdomo wa mtutu, unapiga ukiwa umebandikwa na hakuna shida.

Darubini ikiwa na ukungu kwa nje, ni pumzi yako, pangusa kwa kitambaa kikavu. Ukungu ukiwa ndani ya kioo, muhuri umeharibika, irudishe ilikonunuliwa. Na kama unakosa tu, jaribu bunduki kwenye shabaha siku ya baridi hiyo hiyo, maana risasi iliyopimwa Julai hushuka kidogo Januari. Tena uwanja mweupe hauna cha kulinganishia umbali, usikadirie kwa macho.

Tatizo: wewe mwenyewe

Nyuzi 18 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 24 kwa saa huhisiwa kama nyuzi 28 chini, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Kidole kikiuma, bado kiko hai. Kikiacha kuuma, kikawa cheupe kama nta, uwindaji umekwisha. Usikisugue, wala usikipake theluji. Kikifika mahali ambapo hakitaganda tena, kitumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, si ya moto. Kikibaki kigumu au kikitoa malengelenge, hospitali.

Mwenzako akianza kusema kilevi, anajikwaa, au ameacha kutetemeka huku bado ana baridi, piga 911 sasa. Asikudanganye eti amezoea.

Ziwa usilivuke kwa sababu kuna nyayo juu yake. Koyote ana kilo 15. Mtu kwa miguu anahitaji angalau sentimita 10 za barafu mpya safi, na ile nyeupe yenye theluji ndani yake itake mara mbili. Gari likikwama, fukua bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, kwani bomba likiziba, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huingia ndani, nayo haina harufu ya kukuamsha.

Tatizo: umempata, lakini ana mabaka

Mkia kama wa panya, ngozi ya kijivu yenye magamba: ni ukurutu, na vijidudu vyake humwasha binadamu na kuhamia kwa mbwa wako. Usimchune. Hata mzima mshike kwa glavu za mpira, maana koyote wa eneo hili wengine hubeba minyoo ya tegu ambayo mayai yake ni hatari kwa ini la mtu. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chai. Akikuuma au mate yake yakiingia kwenye jeraha, hasa akiwa alikukaribia bila woga au anayumba, osha robo saa kwa maji na sabuni, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, na kichwa cha mnyama usikiharibu, kitahitajika kwa vipimo.